Kamba Isiyo na Goti

Inspekta Mwanarusi alikuwa ameambiwa asiiguse tena ile soketi, kwa hivyo jambo la kwanza alilolifanya Jumatano ile ni kwenda kuigusa.

Stoo ya vielelezo ilikuwa nyuma ya kituo, katikati ya pikipiki zilizokamatwa na mitungi ya pombe haramu ambayo ilikuwa na tabia ya kupungua bila kuvuja. Koplo Kahiga, mlinzi wa stoo, alikuwa kwenye kiti chake cha plastiki, chai mkononi.

"Madam, bosi alisema hiyo kitu isitoke."

"Haitoki. Naitembeza tu."

"Inatembea inaenda wapi?"

"Seli. Imechoka kukaa na wewe."

Kahiga alicheka, akainuka kumfungulia. Alikuwa amefanya kazi na Mwanarusi miaka ya kutosha kujua kwamba kubishana naye ni kupoteza chai ikiwa moto.

Soketi ilikuwa ya chuma cha kumwaga, nzito kama kichwa cha fahali, yenye tundu linaloanza pana na kuishia jembamba. Ndani ya tundu hilo huingia kabari, na kamba ya waya huizunguka kabari kabla ya kurudi ilikotoka. Mzigo ukivuta, kabari hujikaza na kamba haichomoki. Hayo Mwanarusi aliyajua tangu Jumatatu, alipokabidhiwa faili lililokuwa na jibu tayari.

Jibu lenyewe lilikuwa hivi. Jumamosi asubuhi, huko Gatongora, kreni ya kampuni ya Twiga Mbili ilikuwa ikivusha boila juu ya ukuta wa kiwanda cha chakula cha mifugo. Kamba ikachomoka kwenye soketi. Boila likaanguka, na Mutie, mpiga ishara, akafa mkono wake ukiwa bado juu. Kampuni ikaandika kwamba fundi wake wa kamba, Ibra, aliiweka kabari kinyume siku ya Alhamisi, akagundua kosa lake, akatoroka kazi. Kabari ilikuwa na alama yake, herufi mbili alizozigonga kwa patasi: IB. Kesho asubuhi Ibra angepelekwa kortini Thika kujibu shtaka la kuua bila kukusudia. Leo mchana lori la kampuni lingekuja kuchukua soketi, kabari na kamba, na mkuu wa upelelezi, Bwana Ndambuki, alikuwa amekubali.

"Kahiga," Mwanarusi alisema, akiikumbatia soketi kama mtoto mnene, "mtu akikuletea kesi imepikwa, imepakuliwa na imetiwa chumvi, wewe unauliza nini?"

"Nauliza kama kuna nyama."

"Mimi nauliza nani alikuwa jikoni. Niletee na ile kamba, ndani ya gunia."

Ibra alikuwa mwanamume wa makamo, kifua kipana, vidole vimejaa makovu ya waya. Alipoletwa chumba cha mahojiano hakuketi mpaka alipoona nani amekuja.

"Salaam aleikum, Ibra."

"Aleikum salaam, mama. Kama umekuja na ile karatasi ya kukubali kosa, rudi nayo."

"Karatasi gani?"

"Wakili wa kampuni alikuja jana. Ati nikikubali, watanitafutia kifungo cha nje. Nikamwambia sikubali hata kiwe kifungo cha peponi."

Mwanarusi aliliacha gunia mlangoni. Soketi na kabari akaviweka juu ya meza, na meza ikalia. "Mimi sina karatasi. Nina chuma. Nionyeshe vile wewe hufunga."

"Nifunge na nini? Mishipi yenyewe mmenivua."

Alifungua mkoba akatoa leso yake, akaisokota ikawa kamba, akamtupia. Ibra aliitazama ile leso ya maua, karibu acheke, kisha mikono ikaanza kazi. Akaingiza leso ndani ya soketi, akaizungusha kwenye kabari, akairudisha, akavuta mpaka kabari ikakaza.

"Huu ndio upande wa mzigo. Lazima ushuke moja kwa moja, usawa na pini. Huu mwingine ni mkia. Mkia unaufunga klipu peke yake. Ukiushikanisha na upande wa mzigo, umeharibu kila kitu. Na mtu akiweka kabari kinyume, mzigo unavuta kutoka upande wa mteremko. Kamba inavunjika shingo hapa mdomoni."

"Na Alhamisi uliweka vipi?"

"Alhamisi sikuweka kitu. Alhamisi nilikataa."

"Ulikataa nini?"

"Hiyo boila ilikuwa nzito, karibu na mwisho wa nguvu ya kamba yao. Kabari ni nzuri, ni ya haraka, unafunga na kufungua pale pale saiti. Lakini haikupi nguvu yote ya kamba. Kwa mia, inakuachia kama themanini. Nikamwambia Kinuthia hii kazi inataka soketi ya kumwaga."

Kinuthia alikuwa meneja wa Twiga Mbili, mwenye kofia nyeupe ya saiti ambayo haijawahi kuona vumbi.

"Ya kumwaga nini?"

"Zinki iliyoyeyushwa, au resini. Unafumua mwisho wa kamba kama ufagio. Unaosha kila waya mpaka grisi iishe. Unavuta huo ufagio ndani ya soketi yenye umbo la funeli, unamwaga resini yako, unaacha igande bila kuisumbua. Ikiganda vizuri, kamba itakatika yenyewe kabla soketi iachilie."

"Mbona hukumwaga?"

"Resini haikuwa imefika. Ile ya soketi, mama, si gundi ya kiatu. Ilikuwa inatoka Mombasa. Kinuthia akaniambia nitafute njia. Nikamwambia mimi sina njia, nina soketi. Ijumaa nikaenda msikitini, nikarudi zangu nyumbani Majengo, nikawaambia siji mpaka resini ije. Huko ndiko wanaita kutoroka."

"Alama yako iko kwa hii kabari."

"Iko kwa kila kabari niliyowahi kufunga. Hiyo imening'inia stoo yao tangu tumalize kazi ya Kalimoni. Ni kama umshike mtu kwa sababu shati lake lilikuwa limeanikwa."

Mwanarusi aliitazama leso yake ndani ya soketi. Ilikuwa imejikunja pale ilipozunguka kabari. "Kamba ya waya ikitolewa hapa, inabaki na nini?"

"Goti," alisema Ibra, akainua mguu wake na kuukunja kumwonyesha. "Ikishakunjwa na kukazwa na mzigo, hainyooki tena. Kabari iwe sawa, iwe kinyume, goti liko. Uigonge na nyundo mpaka jioni, goti liko."

Inspekta akaenda mlangoni, akalivuta gunia, akakitoa kile kipande cha kamba ambacho kampuni ilikabidhi kama mwisho wa kamba ya kreni. Akakilaza mezani. Kilikuwa kimenyooka kama mpini wa jembe.

Ibra akakivuta karibu. Akapitisha kidole gumba kutoka mwanzo mpaka mwisho.

"Hii haijawahi kupiga goti," alisema. "Na hapa mwisho, ona vile imemetameta. Hapa imepita grainda."

"Kwa hivyo kuna kipande kingine."

"Kuna kipande, na kuna soketi yake. Katafute, mama. Mimi hapa sitatoka kwa kuomba."

Vitu vya Mutie vilikuwa kwenye mfuko wa karatasi, rafu ya chini: kofia iliyopasuka, viatu, na fulana ya saiti ya kung'aa. Mwanarusi aliikung'uta fulana juu ya karatasi safi. Kwenye mkunjo wa kola zikaanguka chembe ngumu za rangi ya ufizi. Aliyeandika lebo alikuwa ameziona, akaziita vipande vya kigae.

"Kahiga, kile kiwanda cha Gatongora kimeezekwa na nini?"

"Mabati."

"Kigae kilianguka kutoka mbinguni?"

"Madam, mimi nalinda tu. Siandiki."

Aliisugua chembe moja kati ya vidole. Ikasagika, ikaacha unga. Akainusa. Kisha, bila kusema lolote, akatoka nje mpaka kwenye gari lake, Nissan la zamani ambalo maaskari vijana walilipigia saluti kwa mzaha. Akaufungua mlango wa kushoto na kuubamiza kwa nguvu zote. Chini ya kizingiti cha mlango zikadondoka chembe ngumu za rangi ya ufizi.

Kahiga alikuwa amemfuata. Akatazama chini, akatazama karatasi aliyoishika inspekta, akatazama chini tena.

"Fila," alisema Mwanarusi. "Huu mlango una fila kuliko bati. Ule uji wa kujazia gari iliyobonyea. Unatiwa hadena nyekundu ya kuugandisha, unakuwa hivi, unagandia hapo mpaka siku itakapoamua kuanguka."

"Sasa Mutie na fila wamekutana wapi?"

"Alikuwa anapigia ishara boila, Kahiga. Kamba iliyokuwa juu yake ilikuwa imegandishwa kwa fila badala ya resini."

Koplo akakitua kikombe juu ya boneti. Simu ikalia. Ilikuwa ya Ndambuki.

"Mwanarusi, lori linakuja baada ya chakula. Vitu viko?"

"Viko, afande. Vimelala vyote."

"Na wewe uko wapi?"

"Napeleka gari kwa fundi. Mlango unamwaga."

"Leo? Na kesi ya kesho?"

"Kesi haina magurudumu, afande. Gari ndiyo iko nayo."

Akakata kabla hajaamriwa vinginevyo, akamwambia Kahiga aifunge stoo na ufunguo aumeze ikibidi.

Yadi ya Twiga Mbili ilikuwa Thika, na nyuma ya ukuta wake zilipangana gereji za wanyoosha bodi. Mtu aliyekosa resini Ijumaa mchana, na akaamua kwamba kitu kingine kitafaa, hangehitaji kwenda mbali. Mwanarusi aliuliza gereji ya kwanza, wakatikisa kichwa. Ya pili wakataka kumuuzia taa. Ya tatu ilikuwa ya Mwas, ambaye Mwanarusi alimwacha wa mwisho makusudi, maana Mwas anaongea kuliko anavyonyoosha.

"Niaje mathe. Huo mlango umekataa tena?"

"Umekataa kama mwenyewe. Mwas, nataka fila mingi. Kama ile ulimuuzia yule mtu wa Ijumaa."

Hakuwa na hakika kama kulikuwa na mtu yeyote Ijumaa. Lakini Mwas alikuwa ameinama kuangalia mlango, na mdomo wake ulikuwa umezoea kutangulia.

"Ile ya Kiilu? Ile ilikuwa mob, mathe. Alibeba mikebe yote na hadena zake. Nikamuuliza ni gari gani inakula fila hivyo, akaniambia ni basi ya shule."

Kiilu. Jina hilo Mwanarusi alilijua kutoka kwa faili. Ndiye fomeni wa Twiga Mbili, aliyeandikisha taarifa kwa afisa mwingine akisema aliiona kabari ikiwa kinyume kwa macho yake.

"Na hiyo basi ilipona?"

"Sijui. Lakini Jumamosi alirudi na kitu cha chuma, kama funeli kubwa, fila imejaa ndani, imepasuka pasuka. Akataka niichome na gesi itoke yote, ndio watumie tena. Hiyo soketi ni mali safi, mathe, hakuna mtu anaweza kutupa. Nikamwambia Jumatatu itakuwa tayari."

"Leo ni Jumatano."

Mwas akajikuna kisogo. "Si unanijua."

Alimjua. Mlango wake wenyewe uliingia gereji hii wakati wa Pasaka, kwa kazi ya siku moja, ukatoka shule zikifunga tena. Alikuwa amemlaani Mwas kwa Kiswahili, kwa Kikuyu na kwa maneno machache ya marehemu bibi yake Mnubi. Leo alimshukuru Mungu kwa ajili ya fundi asiyetimiza ahadi.

"Uliigusa?"

"Sijaigusa hata kidogo. Iko pale nyuma kwa gunia, vile aliniachia."

Ilikuwa pale, kando ya milango iliyong'olewa. Soketi ya funeli, na ndani yake fila ya rangi ya ufizi imekatikakatika kama mkate mkavu, na kwenye fila matundu membamba, laini, mahali waya zilipochomoka bila kung'ang'aniwa. Lakini kulikuwa na zaidi. Juu ya msumari ukutani kilining'inia kipande kifupi cha kamba ya waya, mwisho mmoja umefumuliwa kama ufagio, mwisho wa pili umemetameta.

"Na hii?"

"Ilikuwa kwa gunia hilo hilo. Aliniambia nitupe. Nikaona naweza kuitengeneza burashi ya kutu." Mwas aliona jinsi anavyotazamwa. "Mathe, nimekosea wapi?"

"Hujakosea. Endelea hivyo hivyo kutofanya kazi."

Alivaa glavu. Akapiga picha msumari, gunia, soketi, fila. Aliunusa ufagio: mafuta taa. Kila fundi kuanzia Ruiru mpaka Thika huosha chuma kwa mafuta taa, na mafuta taa huacha utelezi wake nyuma. Kisha akaigeuza kamba akaona, chini kidogo ya ufagio, ile waya iliyofungwa kuizuia kamba isiendelee kufumuka. Haikuwa waya laini iliyozungushwa kwa kubanana, kama afanyavyo fundi wa kamba. Ilikuwa waya ya kufungia nondo, imekunjwa mara mbili, imesokotwa kwa koleo, na kishungi chake kimelazwa chini kwa pigo moja.

"Mwas, mpigie Kiilu. Mwambie kazi iko tayari."

"Atashtuka. Sijawahi kupigia mtu."

"Mwambie umeokoka."

Kiilu alifika akiwa na pikapu ya kampuni, mtu mfupi, mwenye mabega ya kubeba nondo, koleo imechomoza mfuko wa nyuma. Alichokiona ni Mwas amesimama bila raha, na mwanamke mzee mwenye leso kichwani, amekalia tairi karibu na Nissan ambalo bampa yake ilikuwa imelegea upande mmoja. Bampa hiyo ilikuwa imelegezwa muda si mrefu, kwa kiatu.

"Kazi iko wapi?" Kiilu aliuliza.

"Ngoja amalizane na mimi kwanza, baba," alisema mwanamke. "Niko hapa tangu jana. Ananiambia kesho, kesho. Naomba tu mtu anifungie hii bampa na waya nifike nyumbani."

"Shosho, mimi si mekanika."

"Hata mimi si mekanika. Tungekuwa mekanika tungekuwa watatu hapa, na gari bado mbovu."

Kiilu alimtazama Mwas kwa hasira ya mtu mwenye haraka. Akaenda kwa pikapu, akarudi na waya. Akaikunja mara mbili, akaipitisha nyuma ya bampa, koleo ikatoka mfukoni. Sokota, sokota, kata, na kishungi akakilaza chini kwa pigo moja. Ilikuwa imekwisha kabla Mwas hajapumua.

"Mkono mwepesi," alisema Mwanarusi. "Umejifunza wapi?"

"Nilifunga nondo miaka mingi kabla niwe fomeni."

"Inaonekana." Aliinuka kwenye tairi, akakitoa kile kipande cha kamba chini ya kiti cha gari na kukiegemeza kwenye bampa, fundo karibu na fundo. Yalikuwa sawa kama nyusi mbili. Halafu akaweka kitambulisho chake juu ya boneti. "Mimi ni Inspekta Mwanarusi. Hatujawahi kuonana. Uliandikisha kwa mwenzangu."

Kiilu aliangalia barabara. Pikapu yake ilikuwa imezibwa na trela iliyotoka kuegeshwa. Akaangalia bampa.

"Siandiki kitu," alisema.

"Nani amekuomba? Umeshaandika mara mbili, na hujui hata nani amekupa kalamu."

"Mimi hufanya vile naambiwa."

"Nani aliambia nani?"

Kiilu akaigeuza koleo mkononi.

"Wewe na Mutie mlitoka kijiji kimoja?"

"Mwala. Nyumba zetu zinaonana." Alirudisha koleo mfukoni, ikakosa mfuko, ikaanguka. Hakuiokota. "Nilimwambia Kinuthia hii kitu ni ya magari. Akasema resini ni resini, hata harufu ni moja. Akasema mwenye kiwanda amekataa kabari, anataka ya kumwaga, na ya kumwaga ataiona imemwagwa."

"Na baada ya kuanguka?"

"Akaniambia nikate mwisho, niweke ile kabari ya Ibra hapo chini kabla askari wafike. Akasema Ibra hayuko, hatajitetea."

"Mutie alijua kilichokuwa ndani ya ile soketi?"

Hapo ndipo Kiilu alipomtazama usoni kwa mara ya kwanza. "Aliniuliza. Asubuhi, kabla tuinue. Aliona hiyo rangi, akaniuliza kama ni salama asimame pale. Nikamwambia amefunga Ibra."

Mwanarusi akaiokota koleo chini. Alimfungulia mlango wa kushoto wa Nissan, ule wenye fila, akamwambia aingie.

Lori la kampuni lilikuwa limeshaegeshwa uani kwa kituo. Koplo Kahiga alikuwa amesimama mbele ya mlango wa stoo akidai ufunguo umepotea, na kwa jinsi alivyokuwa akigusa tumbo, Ndambuki alikuwa ameanza kumwamini. Kinuthia, na kofia yake nyeupe, alikuwa akiangalia saa.

"Inspekta, tunapoteza siku. Kreni inangoja hivi vitu."

"Chukueni," alisema Mwanarusi. "Kahiga, ufunguo umepona?"

Ulikuwa umepona. Soketi, kabari na kamba vikatolewa nje, vikapangwa juu ya meza ya mbao.

"Lakini kwanza nisaidie, Bwana Kinuthia, nisije nikakupa ya wenyewe. Hii ndiyo kamba iliyokuwa kwa kreni Jumamosi?"

"Ndiyo. Iko kwa ripoti."

"Na soketi hii ndiyo iliyoishika?"

"Ndiyo. Alama ya Ibra iko hapo. Hata kipofu ataisoma na kidole."

"Afande amesikia?"

"Nimesikia," alisema Ndambuki. "Mwanarusi, unataka nini?"

"Nataka aniwekee kamba kwenye kabari, vile ilikuwa."

Kinuthia alicheka, akaangalia kama kuna mwingine anayecheka, akaishika kamba. Akajaribu kuikunja. Ikamrudi. Akaiweka juu ya goti lake akaikandamiza kwa mikono miwili, kofia ikaanguka. Kamba ikabaki vile ilivyo.

"Ilinyooka ikianguka," alisema akihema.

"Boila iliipiga pasi?"

"Inawezekana."

Mwanarusi akaenda kwa gari akarudi na gunia. Akakitoa kile kipande kifupi, akakilaza mezani, mwisho wake uliometameta ukielekea mwisho wa kamba. Akavisogeza. Mkato ulikuwa umekwenda mshazari kidogo, kama mtu aliyekata kwa haraka, na pande mbili zilikutana kama taya ya juu na ya chini, kila uzi wa waya na mwenzake. Kisha akaweka soketi ya funeli, na fila yake ya rangi ya ufizi ikamwagika mezani.

"Hii ndiyo Mutie alikuwa amesimama chini yake," alisema. "Ilikuwa gereji ikingoja kusafishwa, itumike tena."

Mlango wa Nissan ukafunguliwa kwa kelele. Kiilu akashuka. Kinuthia alimwona, akafungua mdomo, na Kiilu akatikisa kichwa, mara moja tu, jinsi mtu anavyokataa chakula.

Ndambuki alikuwa na kalamu mkononi kwa ajili ya kuruhusu lori. Aliitazama fila, akaitazama ile kamba, akairudisha kalamu mfukoni.

"Nilikuambia usiiguse hiyo soketi," alisema taratibu.

"Ile niliigusa, afande, nakubali. Hii nyingine hukunikataza."

"Kahiga. Mwondoe dereva wa lori hapo. Bwana Kinuthia, wewe ingia ndani."

Walipomrudishia Ibra mshipi, simu na viatu, askari mmoja alimwambia apitie mlango wa nyuma, kwa sababu uani kumejaa watu wa kampuni. Ibra akasema aliingia kwa mlango wa mbele, na pingu, mtaa mzima ukiangalia, na atatoka huko huko. Hakuna aliyembishia.

Alitoka akaiona ile meza. Akaiinamia soketi ya funeli, akaokota kipande cha fila, akakivunja kwa vidole viwili bila kutumia nguvu. Kinuthia alikuwa bado kwenye ngazi, kati ya maaskari wawili, kofia yake mkononi.

Simu ya Ibra, iliyokuwa imezimwa tangu Jumapili, ikaanza kulia ujumbe mmoja baada ya mwingine. Akasoma mmoja, akaugeuza uso wa simu ili Kinuthia auone.

"Resini ilifika jana," alisema. "Iko Thika, ofisi ya vifurushi, imeandikwa jina langu. Tuma mtu aichukue."